Matete Niliyoyang'oa Ukingoni

Sipendi kulisimulia hili, na kila nikilianza huwa naharakisha ili lipite. Leo siharakishi.

Enzi za Mwingereza, nikiwa nimeoa juzijuzi, nilifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu, chini ya Mlima Meru. Huko jani moja tu la gugu kati ya mistari lilikuwa kosa. Nikarudi nyumbani na kichwa kikubwa, kila kitu cha kwetu nakiona kichafu.

Kipande changu kilikuwa ukingoni mwa mto. Chini yangu kidogo alilima mama mdogo, mjane wa baba yangu mdogo. Migomba yake ilikuwa michache na imezeeka. Aliishi kwa magimbi ya pale mtoni.

Masika yale mto ulifurika. Maji yalipopungua, matete ya ukingoni kwangu yalikuwa yamelala chini, yamefunikwa tope, yananuka. Nikachukua jembe. Mama mdogo akaja kuniambia niyaache. Tete likilazwa na maji halijafa, alisema, kila fundo linashusha mizizi, linaamka upya na kulishika tope. Akanionyesha hata gimbi lililong'olewa na mto huko juu na kutupwa shambani kwake. Lilikuwa tayari linachipua. Nilimcheka, Mungu anisamehe. Nikang'oa yote na mizizi yake, nikachoma, nikapanda maharage kwa kamba, mistari imenyooka. Watu wakanisifu nami nikavimba.

Mvua zilizofuata mto ukarudi. Ukingo wangu ukamegeka, na maji yakapita hapohapo mpaka kwa mama mdogo. Yalichukua magimbi, yakachukua na udongo, yakaacha mawe. Banio la kuingizia maji kwenye mfereji wa kijiji nalo likavunjika.

Wazee wa mfereji wakauliza nani kaharibu ukingo. Nikasema ni mama mdogo, kwa sababu kila siku anachimba magimbi, udongo umelegea. Mwanamume mzima na ndevu zangu! Ng'ambo ya mto, matete yaliyolazwa na masika yaleyale yalikuwa yamesimama, kila fundo na chipukizi lake, na ukingo wake mzima. Nilikuwa nayatazama huku nikisema uongo. Wazee waliniamini kwa kuwa nilifanya kazi kwa mzungu, basi ati najua kilimo. Yeye hakujitetea.

Siku ya tatu asubuhi akaja kwangu. Kwetu anayeomba msamaha huja na jani la isale, na aliyeletewa jani hilo hawezi kukataa. Mama mdogo, mtu wa kumwamkia shikamoo, alisimama mlangoni kwangu na isale mkononi, miguu imejaa tope la pale palipokuwa shamba lake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Huenda kweli ni mimi. Tusiwekeane kinyongo."

Mke wangu aliyajua yote, akanitazama. Maneno mawili tu yangetosha: ni mimi. Niliona aibu hata masikio yakawaka moto, na aibu ileile ndiyo iliyonifunga mdomo. Nikanyoosha mkono, nikalipokea jani, nikamwambia nimemsamehe.

Akanishukuru.