Kitenzi "keep" na Migomba ya Mama

Kitenzi "keep" nakichukia, na wanafunzi wangu wanajua. Vitenzi vingine vya Kiingereza vina adabu. Unavipa kazi moja, vinaifanya, vinaondoka. Hiki ni kama mgeni aliyekuja kusalimia tu, mara unamkuta anaulizia chumba cha kulala. Kamusi ndogo za watoto zinasema ni "weka" au "tunza", basi, na mtoto anaamini. Siku ya mtihani anakuta mtu anafanya "keep" ya kufuga mbuzi, mwingine ya kutimiza ahadi, mwingine ya kunyamaza, na mwingine amemsubirisha mwenzake kwenye mvua, nayo ni "keep" hiyo hiyo. Chakula kikilala bila kuchacha, kitenzi ni hicho hicho. Nilikifundisha kidato cha pili mwaka aliofariki mama, katika shule ya kata, Kamuli, nikiwa nimerudi kuishi kwa baba ili asikae peke yake.

Mama tulimzika kibanjani, kando ya nyumba, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Watu walikuja kama wanavyokuja huku kwetu, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Wanawake walimenya ndizi. Wanaume, tulipomaliza kuzika, waliingia kibanjani na mihoro yao, vile visu vyetu vya kupogolea vilivyopinda ncha, wakakata majani makavu shina kwa shina mpaka kibanja kizima kikang'aa. Ndiyo heshima yenyewe. Mfiwa asije akatoka ndani na macho yake mekundu akakuta pori linamsubiri. Kila mwanamume huja na muhoro wake, ule ule aliokuwa akiutumia kwake asubuhi. Walikuwepo majirani, na walikuwepo ndugu waliotoka Kituntu. Nilisimama mlango wa jikoni nikiwatazama, nikawapenda wote kwa pamoja. Sikumbuki kuwahi kuwapenda watu namna ile.

Mvua zilipokatika, mgomba mmoja karibu na kaburi ulianza kulegea majani. Yakawa ya njano, yakaning'inia kama yamemwagiwa maji ya moto. Kisha mkungu wake ukaiva kabla haujakomaa, ndizi hii mbivu, ya pili yake mbichi, na ukiipasua ndani ina rangi ya kutu. Bwana shamba alikuja na pikipiki. Alikata shina moja, akatuonyesha usaha wa njano unaochuruzika, akakataa kiti alichopewa. Alisema ni mnyauko. Alisema huletwa na mihoro inayotoka kibanja kimoja kuingia kingine. Kila shina linaloumwa ling'olewe pamoja na machipukizi yake, lifukiwe, na muhoro upitishwe motoni kabla haujagusa mgomba mwingine.

Baba alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru kwa heshima zote, akarudi na kukaa.

"Migomba hii inamlilia mwenyewe," aliniambia. "Ikimaliza kulia itasimama."

"Tata, mgomba haulii. Unaumwa."

"Na wewe, unalia au unaumwa?"

Mimi nina hasira za karibu. Niliingia ndani nikabamiza sufuria mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kilichonikera zaidi ni kwamba baba hakuwa mjinga wa mambo ya shamba. Alikuwa amekulia chini ya migomba, anajua mgomba wenye kiu na mgomba wenye funza kwa kuutazama tu. Alijua. Ila alikuwa amemwahidi mama, siku zile za mwisho, kwamba migomba yake hakuna atakayeing'oa. Mama alikuwa na hofu hiyo, kwamba akiondoka watu wataingia na mawazo mapya, watapanda kahawa mpaka dirishani.

Tena alikuwa na pa kujificha. Kwetu aliyefiwa haambiwi la kufanya nyumbani kwake mpaka matanga yaanuliwe. Humwambii apunguze mbuzi, humwambii akate mti, hata kama mti wenyewe umeegemea paa lako. Unamletea chakula, unakaa naye, unanyamaza. Baba akawa anasogeza mbele siku ya kuanua matanga. Mara shangazi wa Karagwe hajapata nafasi, mara ndizi za kutengenezea pombe yetu ya rubisi hazijaiva, mara padre anasafiri. Mzee amejificha ndani ya msiba wake, nikawaza, na hakuna wa kumtoa.

Jioni, nikiwa jikoni namenya, alikuwa na kawaida ya kuniuliza leo nimefundisha nini. Aliwahi kuwa katekista, alipenda maneno, na tangu mama aondoke hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyoyaweza. Siku ya "keep" nikamweleza kitenzi na kazi zake zote. Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Kufuga mbuzi na kunyamaza, neno moja? Hawa watu wavivu." Kisha akauliza, "Na kumlinda mtu aliyelala, imo?"

"Imo."

"Na kutimiza ulichoahidi?"

"Imo, Tata."

"Basi ndicho ninachofanya hapa. Wala sijui kwa nini mnanisumbua."

Nilikuwa nimempa fimbo mwenyewe, na alikuwa ameishika vizuri. Mnyauko ulikuwa umeshatoka kaburini ukafika karibu na mtaro, na ng'ambo ya mtaro ni kwa mama jirani, mjane, ambaye kila mara alikuwa akituletea mkungu wa ndizi kwa sababu ya msiba wetu. Tulikuwa tunakula ndizi zake na kumshukuru.

Darasani niliwataka watoto watunge sentensi kwa mdomo, kila mmoja na matumizi yake. Nikapata mbuzi wengi, na vyumba vingi vilivyotunzwa safi. Akasimama binti wa yule mama jirani. Huwa hasemi sana. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko nilivyotegemea, kwamba mama yake anaendelea kunyamaza kuhusu migomba yao kwa sababu jirani bado hajaanua matanga.

Kila mtoto mle ndani alijua jirani ni nani na mwalimu ni nani. Wengine walitazama dirishani. Binti hakunitazama wala hakuinamisha kichwa.

"Sahihi," nilisema. "Kaa."

Niliiandika ubaoni kama nilivyoandika za wenzake, na chaki ikanikatikia mkononi. Nilimkasirikia mtoto, kisha mama yake, kisha baba, halafu wanaume wote wa mihoro, na wao walikuwa wamefanya kosa gani zaidi ya kutuhurumia. Kengele ilipolia sikupitia ofisini. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, pita huku penye kivuli."

Kivuli chenyewe kilikuwa kimebaki kidogo. Migomba yake ilikuwa imenyauka kuanzia mtaroni hadi karibu na mlango, na ile iliyosimama nayo ilikuwa imeanza kulegea. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Waitu, mwanangu, mwenye msiba hasemeshwi," alisema. "Nilipofiwa mimi, baba yako ndiye aliyenisafishia kibanja chote. Nianzie wapi kumwambia akate?" Kisha akaniomba radhi kwamba safari ile hatakuwa na mkungu wa kutuletea. Mikungu ya nyuma alikuwa anaiwahi kabla haijaozea mtini, akichagua iliyo nafuu, na yeye na binti yake wakala mabaki.

Nilimkuta baba amekaa kwenye baraza. Sikukaa.

"Tata, kwa jirani kumekwisha."

"Tangu lini?"

"Muda. Ameshindwa kukwambia kwa sababu una msiba."

Alinyanyuka bila kofia, bila fimbo, akavuka mtaro. Sikumfuata, na walichozungumza hakuna aliyenisimulia mpaka leo. Aliporudi alisema Jumapili tunaanua matanga, wawepo watakaokuwepo.

Jumapili ile baba aliwasha moto pale njia inapoingilia kwetu, akasimama kando yake, na kila mwanamume aliyefika aliombwa aache muhoro wake pale nje. Hayo hayajawahi kusikika nyumbani kwa mfiwa. Baadhi ya wazee waliona wametukanwa, mmoja akageuka na kwenda zake. Rubisi tulilazimika kuinunua sokoni Nkwenda, na watu waliinywa wakitazama chini. Baba alisimama akawashukuru kwa yote waliyomfanyia alipofiwa. Kuhusu mihoro hakusema neno, na nadhani hapo ndipo baadhi yao walipoelewa. Niliona mtu mzima mmoja akijitazama viganja.

Kesho yake alianza kukata. Nilimwambia tuite vijana, akakataa. Kila shina alilolikata alilichimbua na machipukizi yake, akalifukia, akarudi motoni na muhoro. Ya kaburini aliiacha mwisho. Siku aliyoifikia nilikuwa na somo la marudio, na mwanafunzi akaniuliza kama "keep" ni kitenzi kizuri au kibaya. Nikamjibu kwamba hakina habari. Kitakubali kutunza kizima na kitakubali kutunza kilichooza, na lawama ni ya mtu anayekitumia. Aliandika. Niliporudi nyumbani baba alikuwa amemaliza mgomba wa mwisho, na alikuwa bado anauchoma muhoro wake, ingawa hapakuwa tena na mgomba wa kuugusa.

Mama jirani naye alikata yake. Bwana shamba alisema ardhi ipumzike kabla ya kurudisha migomba, na miche itoke mahali salama, ambapo hakupataja. Tunakula unga wa Nkwenda na viazi. Sisi Wanyambo, watu wa ndizi, sasa tunasonga ugali kila siku, na wageni wakija tunawapa huo huo bila kuwaeleza.

Kutoka barazani sasa unaliona kaburi lote, saruji yake na msalaba, juani. Zamani ulikuwa unapita majani mengi kabla hujalifikia. Baba amegeuza kiti chake kikaelekea huko, na anakaa hapo kuanzia asubuhi. Siku moja nilikaa naye, akazungumza bila kunitazama.

"Migomba ilikuwa inatukinga. Sasa tunatazamana naye kutwa nzima, na sina la kumwambia."

Niliingia ndani nikasonga ugali. Hakuugusa.