Waya wa Redio ya Mjomba

Shiii... kwaa! Mkwaruzo wa redio ya mjomba, pale Ngamiani, bado ninao masikioni. Juzi fundi alikuwa akifunga kadi ya waifai kwenye laptopu yangu. Alipochomeka vijiwaya vya kunasia mawimbi, nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni.

Mama alikuwa amevuka mpaka pale Horohoro kutafuta sabuni, iliyoadimika kwetu, hajarudi. Mjomba akafunga waya wa shaba toka redioni hadi kwenye bati la paa, sauti ya Mombasa ikaja.

"Mama yuko huko?"

"Huko huko, mpwa wangu. Sogea basi, taarifa hiyo!"

Sikujua kuwa redio husema tu, haisikii. Mjomba alipokwenda msikitini, nilipindua kinu, nikapanda, nikaushika waya, nikanong'ona, "Shikamoo mama. Sabuni basi, we rudi tu."

Kisha nikautegea sikio, nikisubiri marahaba.