Nyota Iliyotangulia Mwezi

Kila nikisikia harufu ya iliki ikitwangwa, narudi Mabwerebwere, pale Kilosa, kwenye Ramadhani ile mama alipolazwa hospitalini Mikumi. Baba alikuwa naye huko. Mimi niliachwa na bibi mzaa baba, mwanamke wa maneno machache na methali nyingi. Siku ya kuondoka mama alinishika kidevu akaniambia, "Mwezi wa Idi ukiandama, nitakuwa nyumbani." Nilikuwa mdogo, na ahadi ya mama kwangu haikuwa na mjadala.

Ndiyo maana siku za mwisho za mfungo, wenzangu wakikimbilia futari, mimi nilisimama nyuma ya jiko nikiikodolea macho magharibi. Jua likizama tu, cha kwanza kutokea kilikuwa nyota moja kubwa, nyeupe, isiyometameta. Kila jioni ni hiyo hiyo. Niliichukia, wallahi. Ilikaa mahali pa mwezi kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Bibi alisema hiyo ni Zuhura, haina kosa lolote, nami nitulie, kwani subira huvuta heri. Yetu sijui ilivuta nini.

Hatimaye mwezi uliandama, mwembamba, ubavuni mwa nyota ile. Mtaa mzima ulipiga kelele, na mimi nilipiga kuliko wote. Kesho yake asubuhi, nikiwa na gauni langu jipya, nilimwona baba akija kutoka stendi peke yake, khanga ya mama ameikunja kwapani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akapita moja kwa moja kwa bibi. Ndani kilio kikaanza. Pilau lilikuwa limeshaiva, nami nikapakua, nikala sahani nzima. Sikusikia ladha wala uchungu. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi, na sina hakika kama ganzi ile imewahi kuniisha.

Siku hizi mwezi hutangazwa, simu zikalia kila nyumba kabla mtu hajatoka uani. Binti yangu wa sekondari ananieleza kuwa Zuhura si nyota, ni sayari, na akiinua simu yake juu, simu humwonyesha hata Mshtarii na Mirihi zilipo. Vizuri. Mwaka huu alinikuta nyuma ya jiko, nimesimama naitazama magharibi.

"Mama, unangoja nini? Mwezi si umeshatangazwa?"

"Najua," nikamjibu, nikaendelea kusimama.