Kwaya Iliyojua Wimbo Mmoja

Nakiri sasa, baada ya kukana hata mbele ya chifu: chama kilichopigwa marufuku katika nchi jirani kilikuwa na makao yake makuu sebuleni kwangu, hapa Suneka. "Makao makuu" ni maneno yao. Mimi niliona watu wachache wakigombania birika la chai na kubishana juu ya katiba ya nchi wasiyoweza kuikanyaga.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa hesabu aliyemwacha mama yake mzee huko kwao. Alitaka kitu kimoja: kumwona tena, mchana, akiingia kwa mlango wa mbele. Serikali yao iliwasaka hata huku, kwa hiyo nilihitaji uongo mzuri. Nimesomea siasa hadi shahada ya pili. Mama mkwe aliponiuliza wageni wangu ni nani, nikamwambia ni kwaya.

"Kwaya gani haisikiki, mokamwana?"

"Bado wanajifunza, Mama."

Bendera yao niliificha chumbani mwetu, maana mzazi wa Kigusii hakanyagi chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Hakuna benki iliyo salama hivyo. Kisha ikaota ukungu, nami kwa werevu wangu nikaifua na kuianika nyuma ya migomba. Mama mkwe akaiona. Yeye ni shemasi wa Wasabato. Kitambaa cha zambarau na njano kikiwa kwenye kamba ya watu wa kwaya, kitakuwa nini kama si sare? Akatafuta kinachofanana nacho mjini Kisii, fundi akashona tai na vilemba, na kwaya yangu ikatiwa kwenye ratiba ya makambi, ile mikutano ya Wasabato ya hemani, kule Nyaramba.

"Hatujui wimbo wa dini hata mmoja," mwenyekiti akaninong'oneza nyuma ya hema, tai ikimkaba. "Tunajua ule wetu tu."

"Basi uimbeni polepole."

Huo ndio mchango wangu wote katika ukombozi wa Afrika.

Wakauimba kwa lugha yao, macho wameyafumba kwa hofu, wimbo ambao kwao humpeleka mtu jela. Akina mama wa Nyaramba wakadaka kiitikio bila kuelewa neno, wakakitia sauti ya pili na ya tatu. "Amina! Rudieni!" Wakarudia. Mzee wa kanisa akafuta machozi. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande, zikirekodi.

Video ilivuka mpaka kabla hatujamaliza kula. Kwao watu wakaanza kuuimba vilevile, polepole, makanisani, matangani na sokoni, hadi polisi wakakosa pa kuanzia. Sisemi kwaya yangu ndiyo iliyoondoa marufuku. Mama mkwe ndiye asemaye hivyo, kila Sabato.

Mwenyekiti aliondoka mara tu ilipotangazwa kuwa marufuku imeondolewa. Mimi na mama mkwe tulikuwa tukimenya ndizi simu ilipolia.

"Niko kwa mama!" alipiga kelele. "Nimepita mlango wa mbele! Uani hapatoshi watu. Sikiliza!"

Nikausikia wimbo, polepole, na zile sauti za Nyaramba ndani yake. Mama mkwe akaninyang'anya simu kwa mkono wenye utomvu.

"Mwenyekiti," akasema, cheo ambacho sikuwahi kumtajia. "Tai umevaa?"

"Nimevaa, Mama."