Karatasi Kumi na Moja za Kocha Tackett

Katika misimu ishirini na saba aliyofundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, kwenye chuo kimoja kidogo cha Alabama, Verlon Tackett alitumikia makocha wakuu sita, na wanne kati yao aliwaonea kinyaa. Hakuwahi kuwaambia. Alivaa fulana walizomchagulia, akapuliza filimbi walipomwambia apulize, na akawaita "Kocha" hata wale waliokuwa wadogo kuliko binti yake.

Wa kwanza, Dub Ransome, alikuwa mzee wa kutafuna tumbaku na kuitemea kwenye kikombe cha karatasi, lakini neno lake lilikuwa neno. Ndiye aliyemtoa Verlon kwenye shule ya sekondari huko kwenye vilima vya makaa ya mawe, akamkabidhi vijana wazito wa safu ya mbele ya ulinzi. Ransome alifukuzwa kwa kufungwa na timu ya chuo jirani miaka minne mfululizo. Waliomfuata ndio waliomchafua Verlon roho. Mmoja aliwatambaza vijana juani mpaka wakatapika, kisha akawafanya wapige deki matapishi yao huku yeye akicheka. Mwingine aliongoza sala ya machozi kabla ya mchezo, na wakati wa mapumziko akawatukania mama zao.

Kila kocha mkuu alipotimuliwa, wasaidizi wake wote waliondoka naye. Verlon alibaki. Alijua kila kanisa na kila jiko kuanzia Selma hadi mpaka wa Mississippi, na kocha mgeni alihitaji mtu wa kukaa mezani kwa akina mama na kuwashawishi watoe wana wao. Kwa muda mrefu alijivunia jambo hilo, akidhani wanamweka kwa ujuzi wake. Mkewe Nelda, mwalimu wa hesabu asiyependa kuzunguka mbuyu, ndiye aliyemvua kilemba hicho.

"Wanakuweka kwa sababu hujui kusema hapana," alimwambia siku moja wakimenya maharage. Verlon alinuna siku mbili.

Maana kazi ya kushawishi ilikuwa na upande wa pili. Nafasi za kusomeshwa bure zilikuwa na idadi yake, na kijana aliyeumia asiweze kurudi uwanjani alikuwa amekalia kiti cha mwenzake. Hapo ilitolewa karatasi inayosema kwamba kijana anaondoka na kuiacha nafasi yake kwa hiari. Kijana alitia sahihi, na shahidi akatia ya kwake chini. Shahidi alikuwa Verlon. Mara ya kwanza alijiambia ni bahati mbaya tu. Mara ya tano aliacha kujiambia chochote. Zilipofika kumi na moja, alikuwa akitia sahihi huku anatazama dirishani.

Kocha wa sita aliitwa Brett Kessinger, mtu wa meno meupe mno, aliyeandikisha neno FAMILIA ukutani kwa herufi ndefu kama mlango. Katika mchezo wa tatu wa msimu wake wa pili, kijana mmoja wa safu ya Verlon, Jarvis Gaskin, aliinamisha kichwa akagongana na mtu, akalala pale chini bila kusogeza mikono kwa dakika nzima. Mikono ilirudi, lakini daktari akasema shingo ile isiguswe tena na mpira. Kabla ya wiki kuisha, Kessinger alimpa Verlon karatasi.

"Mpelekee nyumbani," alisema, macho kwenye simu. "Mama yake anakupenda."

Odessa Gaskin alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi ya kule ndani. Alimkuta Verlon mlangoni Jumatatu mchana, akamkaribisha kwa heshima, akampakulia wali, kuku na sukuma wiki iliyochemshwa na nyama ya nguruwe. Jarvis alikaa mwisho wa meza na kola ngumu shingoni, akila kwa kijiko kama mgonjwa. Verlon alikula vijiko viwili, akasogeza sahani kando. Akatoa karatasi.

Mama Gaskin alifuta mikono, akaisoma yote polepole, kisha akaisoma tena.

"Kocha Tackett, hapa pameandikwa Jarvis anaondoka kwa kupenda mwenyewe," alisema. "Amependa lini?"

Verlon akasema ni utaratibu tu.

"Miaka miwili iliyopita ulikaa kiti hichohicho. Ukaniambia hata akivunjika, masomo yake yako palepale. Yule bosi wako sikumsikiliza, nilimwona anatazama saa. Nilikuamini wewe, kwa sababu uliomba kuongezewa wali."

"Ndiyo, mama."

"Sasa niambie. Ulikuwa unajua?"

Jarvis aliacha kijiko. Verlon alitaka kusema hapana, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alitazama ile kola, akaona haya.

"Nilikuwa najua," alisema.

Mama Gaskin akamrudishia karatasi, akaondoa sahani yake ingali imejaa, akafungua mlango. Hakupaza sauti. Maili tatu mbele, Verlon alisimamisha gari kando ya shamba la pamba, akatapika kwenye nyasi. Hakikuwa chakula cha Odessa Gaskin kilichomkinaisha. Alijikinai mwenyewe.

Kesho yake asubuhi aliiweka karatasi mezani kwa Kessinger bila sahihi yoyote. Akasema kijana asipoachiwa masomo yake, ataiandikia bodi ya chuo.

Kessinger alicheka bila hasira. "Verlon, mzee wangu. Utawaambia nini? Umeshuhudia ngapi wewe?"

"Kumi na moja."

"Basi unajipeleka mwenyewe."

"Najua ninakokwenda."

Aliandika barua ile na Nelda, majina yote kumi na moja, na chini ya kila jina akaandika kwamba shahidi alikuwa yeye. Kisha akaanza kuwapigia simu waliotajwa, maana aliona si haki wasikie kwa wengine. Wanne walipokea. Mmoja alimtukana mpaka akachoka. Mmoja alisema yaliyopita si ndwele. Wa tatu alikata simu. Wa nne, ambaye Verlon alikuwa amelala kwao usiku wa dhoruba na kula kwao mara sita, hakumkumbuka hata kidogo.

"Kocha yupi?" aliuliza. "Walikuwa wengi."

Bodi iliogopa kelele, ikamwachia Jarvis nafasi yake kimyakimya. Kessinger hakuguswa, baada ya mwaka alichukuliwa na chuo kikubwa zaidi, na picha yake akitabasamu ikawekwa kwenye bango barabarani. Verlon aliambiwa amestahili kupumzika. Wakampa kibao cha mbao wakati wa mapumziko ya mchezo mmoja, watu wakiwa wametoka kufuata soseji, na mtangazaji akamwita Vernon. Kibao alikiacha chini ya benchi. Tangu hapo Nelda akiwasha televisheni Jumamosi, yeye hutoka kwenda bustanini. Akisikia tu filimbi, mate ya kichefuchefu humjaa mdomoni.

Miaka michache baadaye, mwezi wa Mei, Jarvis alipohitimu, Verlon alisimama nyuma kabisa ya ukumbi. Hakualikwa. Kijana alipomwona wakati watu wanatoka, ilimbidi ageuke mwili mzima, maana shingo haikugeuka tena. Akampa mkono, akasema asante, Kocha. Mama yake alikuwa kando yake na gauni la zambarau. Alimtazama Verlon machoni, akainamisha kichwa mara moja kama mtu anayemsalimu mpita njia, kisha akamshika mwanawe kiwiko, wakaenda kutafuta gari lao.