Michoro Kumi ya Kandida

Anyesi alizaliwa Kisongo, kwa wafugaji waliokuwa pia na shamba la maharage, akaja mjini baada ya kuolewa na Tajeu. Tajeu alikwenda Mererani kutafuta madini. Mwanzoni alirudi kila Krismasi, baadaye akaacha kurudi. Anyesi alibaki Sombetini na binti mmoja, Kandida, na kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya mjini.

Pale hotelini shuka lenye doa dogo kama punje ya mtama hurudishwa, na jina la aliyelipitisha hutajwa mbele ya wenzake. Jina la Anyesi halikuwahi kutajwa. Nyumbani alikuwa vilevile. Sufuria zake zilimeta nje na ndani, na sare ya Kandida ilikuwa na mikunjo iliyosimama kama kadibodi.

"Mama Kandida, ukimaliza hizo sufuria njoo utufulie na barabara," Joyce, muuza mkaa wa mlango wa pili, alimtania.

"Leta sabuni," Anyesi alijibu, akaendelea kusugua.

Kandida alikuwa kidato cha pili katika shule ya binafsi upande wa Kisongo. Ada yake hakuna aliyeilipa. Shule hiyo ilikuwa na darasa la jiometri ya juu, la watoto wachache waliochaguliwa kwa mtihani, na mtoto wa familia isiyojiweza akimaliza mwaka humo na alama sabini na tano au zaidi, alisamehewa ada ya mwaka unaofuata. Akipungukiwa hata moja, analipa au anaondoka.

Mwanzoni mwa mwaka wazazi waliitwa waelezwe masharti. Mwalimu Joel, kijana mpole mwenye shati la mikono mirefu, aligawa karatasi ya Kiingereza yenye kurasa tatu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaona nyuso za wazazi, akaikunja.

"Kwa kifupi, wazazi wangu," alisema kwa Kiswahili, "mazoezi na majaribio yana alama sabini. Michoro kumi ya mwisho wa mwaka ina thelathini. Ifike kwa wakati, iwe safi, na iwe kazi ya mtoto mwenyewe. Hayo tu."

Anyesi aliyashika hayo matatu kama mtu anayeshika amri za kanisani.

Ilipofika Novemba Kandida alikuwa amepata sitini na moja katika zile sabini. Michoro yake kumi aliimaliza Jumamosi, akaiweka kwenye faili mezani. Jumapili baada ya misa alibaki kanisani kufanya mazoezi ya kwaya, mama akarudi peke yake.

Alifungua faili ili aangalie tu. Pembetatu zilikuwa nzuri, mistari imenyooka. Lakini juu yake, pembeni na katikati, kulikuwa na vimistari vilivyopinda, vya penseli hafifu, vingine vinakatana na kuvuka mipaka ya mchoro. Kwa macho yake vilikuwa takataka, mabaki ya mkono uliokuwa ukitafutatafuta. Alisikitika kidogo. Mtoto wake mwenyewe, aache kazi hivi?

Akanawa mikono, akaikausha vizuri, akachukua raba. Alifanya kazi mchana mzima, kwa ncha ya raba, bila kugusa hata pembetatu moja. Vumbi la raba alilipangusa kwa kitambaa laini. Kandida aliporudi, faili lilikuwa mahali pake. Mama hakusema kitu, alitaka sifa zije zenyewe. Jumatatu asubuhi Kandida aliliweka kwenye begi kama alivyolikuta, akakabidhi kabla ya kipindi cha kwanza.

Michoro ilirudi baada ya wiki moja, kila karatasi na sifuri. Kandida aliipanga kitandani, akainua mmoja kuelekea dirishani. Bikari ilikuwa imeacha mkwaruzo kwenye karatasi, ukiinamisha unauona.

"Mama, nani kagusa hizi?"

"Nilizisafisha. Zilikuwa na mistari mingi ya ovyo."

"Yale ni matao ya bikari." Kandida aliongea polepole. "Ndiyo yanayoonyesha kwamba sikukisia. Mwalimu hasahihishi pembetatu, mama. Anasahihisha hayo."

Kesho yake Anyesi aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni.

"Shikamoo, mama," Mwalimu Joel alisema.

"Marahaba. Mwalimu, kosa ni langu. Mtoto hana kosa. Nilifuta mimi, kwa mkono wangu huu."

Joel alichukua karatasi moja, akaiinamisha kwenye mwanga. "Naona. Yalikuwepo, matao yote."

"Ulisema iwe safi."

"Nilisema, mama. Ukurasa wa pili umeandika matao yasifutwe. Sikuusoma." Akazikusanya karatasi. "Twende kwa mkuu."

Mkuu wa shule, Madam Fransiska, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu. Kisha akatoa ile karatasi ya masharti.

"Mwanafunzi akikosea michoro, anarudia kwa nusu ya alama. Kandida angerudia angepata kumi na tano, angefika sabini na sita," alisema. "Lakini kazi iliyoguswa na mtu mwingine hairudiwi. Inabaki sifuri."

"Amefuta tu, Madam," Joel alisema. "Hakuchora kitu."

"Ameigusa. Mwaka jana baba mmoja naye aligusa kidogo tu, ukamkatalia wewe mwenyewe. Leo nikubali hili?"

Joel aliiweka michoro mezani.

"Mama, sikulaumu," Madam Fransiska alisema. "Umesema ukweli, na ukweli nimeusikia. Usingekuja, mwalimu angehesabu ni kosa la mtoto, naye mtoto angerudia. Sasa siwezi kujifanya sijasikia."

Kandida alikuwa anamsubiri getini.

"Amesemaje?"

Anyesi alimweleza yote, hata yale ya mwisho ambayo angeweza kuyaacha.

"Kwa hiyo ungebaki nyumbani ningerudia," Kandida alisema.

"Nilikuja kukutetea."

"Najua." Akavaa begi mabega yote mawili. "Ungeniuliza kwanza, mama. Mara zote mbili."

Wakashika njia ya kurudi Sombetini.

Januari Kandida alianza shule ya kata. Asubuhi ya kwanza walitoka pamoja, mama akielekea hotelini. Basi dogo la ile shule ya zamani lilikuja kwenye kona ileile lilipokuwa likimchukua, likapunguza mwendo na kusimama mbele yao. Dereva mpya alikuwa bado na orodha ya mwaka uliopita. Watoto waliokuwa ndani wakamwangalia Kandida na sare yake ya rangi nyingine.

"Kandida Tajeu?" dereva aliita. "Panda, tumechelewa."

Kandida aligeuza uso kuangalia mlimani. Anyesi alisogea mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Nenda tu, baba," alisema. "Huyu hayupo."