Mama Yangu Hakurogwa

Mama yangu hakurogwa. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Kilosa bado wapo watu ambao, wakiniona nashuka kwenye gari, hutikisa kichwa na kunipa pole ya uchawi. Pole hiyo siipokei. Wabaki nayo.

Siku miguu ilipomgomea nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka Mikumi, ninakoishi na kupikia madereva wa malori pembeni ya barabara kuu, nimekuja kumsalimia. Alasiri alitandika mswala wake barazani, mimi niko uani naosha vyombo. Nilimsikia akitoa takbiri, kisha kimya. Kimya kikawa kirefu mno. Nilipochungulia nikamkuta bado yuko kwenye sijida, paji la uso chini, viganja vinasukuma sakafu. Nikasita, maana mtu hakatizwi sala. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo, "Mwanangu, siinuki."

Nikamwinua kwa makwapa. Miguu ilikuwepo na hisia zilikuwepo, nikimfinya alisema wee, lakini nguvu ndiyo hakuna. Wiki ile nzima alikuwa akilalamika kwamba misuli ya miguu inakaza, moyo unarukaruka, na choo kimefunga. Sisi tukasema ni uzee. Mwanamke aliyelima mahindi yake mwenyewe hadi msimu uliopita, tukamzeesha kwa siku saba.

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumba yake imepakana na ya mama, alikuja akasimama mlangoni na kuuliza swali moja tu.

"Leo amekunywa maziwa ya nani?"

Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mama mmoja aliyetoka kanda ya ziwa na mumewe na ng'ombe wao. Wamekaa nasi miaka kadhaa, lakini mtaani bado wanaitwa wageni. Mama huyu alizoea kumletea mama yangu maziwa kwenye kikombe cha bati cha bluu, bila kuombwa, na mama alikuwa akikirudisha kikombe kina bamia au karanga ndani, kwa sababu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ndivyo urafiki wao ulivyokwenda, kikombe huku, kikombe kule. Mmoja akisema kwa lugha ya nyumbani kwake mwingine haelewi, wanacheka wote wawili.

Nilimwuliza kaka kama yeye mwenyewe hajawahi kuyanywa maziwa hayo. Alisema kuna mtaalamu anamfahamu, apelekwe huko kwanza, hospitali baadaye.

"Shikamoo yako naiheshimu, kaka," nikamwambia, "lakini huko mtampeleka nikiwa nimeshakufa."

Kesho yake tulikuwa barabarani kuelekea hospitali ya Mikumi, karibu na kwangu, mama amelazwa kiti cha nyuma, vumbi linaingia kila upenyo. Hospitali walimtoa damu, wakampima moyo. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, alimwamkia vizuri, kisha akatueleza kwa utaratibu. Mwilini kuna chumvi inaitwa potasiamu. Hiyo ndiyo inayoiwezesha misuli kukaza na kulegea. Ikipungua sana, miguu hulegea, utumbo husinzia, na moyo, ambao nao ni msuli, huanza kupiga ovyo. "Ya mama imepungua kiasi cha kuogopesha," akasema. Akaeleza kwamba kile kidonge cha presha cha kukojosha alichokuwa akimeza kinaitoa potasiamu kwenye mkojo, kwa hiyo atambadilishia. Lakini alionekana hajaridhika. Aligeuza karatasi ya majibu, akauliza, "Kuna kitu kingine anachokula? Kitu ambacho si chakula?"

Mama aliniangalia. Mimi nikaangalia ukuta.

"Hakuna," tukasema, karibu kwa pamoja.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu uongo ule ndio ulioturudisha hospitali. Mama yangu alikuwa anakula udongo. Si yeye peke yake. Wanawake wengi wa kwetu huuanza wakiwa na mimba, ule udongo unaokandwa, ukakaushwa juani na kuuzwa sokoni kwa vipande, una harufu ya mvua ya kwanza. Wengine wakijifungua huuacha. Mama hakuuacha. Alifunga vipande kwenye pindo la khanga na kutafuna taratibu, kama mwingine anavyotafuna karanga. Na jambo hilo halizungumzwi mbele ya mwanamume. Kaka yangu amezaliwa na kukulia nyumba ile na hakuwahi kujua. Sasa utamwambiaje daktari, kijana wa watu, kwamba mama yako mzima anakula udongo? Tuliona haya. Tukachagua haya.

Na aliyekuwa akimletea ni mimi. Udongo wa Mikumi aliupenda kuliko wa Kilosa, akisema wa Kilosa una mchanga. Kila safari nilimpelekea furushi. Lilikuwa zawadi yangu, na alipolipokea alilinusa kwanza, akafumba macho, nami nikajiona binti mwema.

Walimtundikia dripu yenye potasiamu, pole pole, wakiuangalia moyo wake. Siku ya nne alisimama. Nikamrudisha Kilosa na vidonge vyake, mtaa ukaja kumwona. Jirani wa maziwa naye alikuja, na kikombe chake. Wiki mbili baadaye nikaenda kumjulia hali. Mtu ametoka kwenye maradhi, unaendaje mikono mitupu? Nilimpelekea furushi kubwa kuliko yote niliyowahi kumpelekea.

Hazikupita wiki tatu, kaka akanipigia simu. Mama ameanguka njia ya chooni.

Nilipofika ua ulikuwa umejaa watu. Safari hii hawakunong'ona. Lisemwalo lipo, alisema mmoja, na wenzake wakaitikia. Jirani yetu alikuwa amekuja kuuliza hali, na kaka alikuwa amesimama kati yake na mlango.

"Maziwa yako basi," akamwambia. "Na wewe mwenyewe basi."

Yule mama alirudi hatua moja. Alinitazama mimi, akiamini labda nitasema kitu. Nikapiga kelele, nikamwita kaka mjinga mbele ya watu, jambo ambalo sijalijutia hadi leo. Lakini kelele si jibu. Walitaka kujua kama si yeye ni nini, na kidonge cha presha kilikuwa kimeshabadilishwa, kwa hiyo sikuwa na la kuwaambia. Akaondoka. Kikombe chake cha bluu kilibaki dirishani kwetu, na kaka akakataza mtu yeyote asikirudishe. Mama alikuwa ndani, amelala ubavu, anasikia kila neno. Alinyamaza.

Mikumi kwa mara ya pili. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye mikono mipana, alikuwa akimbadilisha nguo. Alipofungua pindo la khanga, kipande kikaangukia shukani. Alikiokota, akakinusa, akakiweka mfukoni mwa gauni lake. Kisha akaniita nje.

"Anatafuna kiasi gani kwa siku?"

Nilitaka kuangalia ukuta tena. Nje hapakuwa na ukuta.

Nikamwambia yote. Alisikiliza, akasema, "Mficha uchi hazai, mama. Mimi mwenyewe nimeula mimba mbili. Mngesema siku ya kwanza." Akanieleza kwamba udongo ukifika tumboni hushikana na ile potasiamu ya chakula, ukatoka nayo. Mtu anaweza kula ndizi mkungu mzima, udongo ukaondoka na sehemu yake kubwa. Na ndiyo huo huo unaofunga choo. Sisi tulikuwa tunampa dawa kwa mkono mmoja na kuitoa kwa mwingine.

Niliketi kwenye benchi. Watu walikuwa wakipita na vyakula vya wagonjwa wao na mimi nilikuwa na wazo moja tu. Kama mchawi alikuwepo, ni mimi. Mimi na furushi langu la upendo. Na mama mwenye maziwa alikuwa anachukiwa na mtaa mzima kwa kazi niliyoifanya mimi.

Nilimpigia kaka palepale.

"Udongo?" akasema. "Mama?" Nikamsikia akifunga mlango. "Basi, yamekwisha. Tusiyafukue."

"Hayajaisha," nikamwambia. "Yataisha pale uani, mchana, palepale ulipoyaanzia."

Safari hii sikumrudisha Kilosa haraka. Alikaa kwangu zaidi ya mwezi. Asubuhi namyeyushia dawa kwenye maji, anakunja uso na kuitukana. Mchicha nilizoea kuuchemsha na kumwaga maji yake. Sasa ninaupika na maji yake, maana ndimo potasiamu inamokimbilia. Viazi, maharage, machungwa, ndizi. Ndizi asubuhi, ndizi jioni. Siku moja nyani wa mbugani walitokea barabarani, wakaparamia lori lililoegeshwa mbele ya kibanda changu. Mama akawatazama kutoka kwenye kiti chake.

"Njooni," akawaambia. "Mtoto wangu amenifanya mwenzenu."

Nilicheka hadi nikaacha ugali ukaungua. Lakini si siku zote tulicheka. Hamu ya udongo ilimtesa kweli. Mvua ikinyesha, harufu ikipanda, mate yalimjaa mdomoni na akawa mkali. Mara moja nilimkuta ameinama kwenye ukuta wa udongo wa jirani yangu wa Mikumi, anabandua kipande kwa ukucha. Nikamshika mkono.

"Niache! Nilikuzaa kwa udongo huu."

"Na mimi nimekuinua kwenye sijida kwa makwapa," nikamjibu. "Chagua, mama."

Hakunisemesha siku nzima. Jioni akanyoosha mkono, akanipa pindo la khanga nilifungue mwenyewe. Lilikuwa tupu. Nililia, na sikujificha.

Kila tulipokwenda kupima, majibu yalikuwa yanapanda. Daktari alituonya tusijiongezee vidonge kwa furaha, kwamba potasiamu ikizidi nayo huua. Kwa hiyo tunapima, tunameza tulichoambiwa, tunapima tena. Hayo ndiyo maisha yetu hadi sasa, na sioni aibu kuyasema mbele ya mwanamume yeyote.

Tuliporudi Kilosa ilikuwa mchana wa jua kali. Watu walikuwa vibarazani. Nilidhani mama ataomba kulala. Badala yake alikwenda dirishani, akakichukua kile kikombe cha bluu, akakipangusa vumbi kwa khanga yake na kukijaza maharage.

Kaka alikuja mbio kutoka kwake. "Mama, pumzika kwanza. Nitakipeleka mimi."

"Wewe ulimfukuza kwa mdomo," mama akasema. "Mimi nilimfukuza kwa kunyamaza. Nifuate nyuma."

Akatoka. Hakushika fimbo wala mkono wangu. Alipita mbele ya vibaraza, taratibu, akiamkiwa na kuitikia, na kila aliyeamkia alibaki amesimama aone anakokwenda. Kaka alimfuata ameinamisha kichwa. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake. Alipotuona aliacha ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakula udongo," mama akasema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Udongo ndio ulioniangusha. Wewe hukunifanya kitu. Na huyu kijana wangu ana neno la kukuambia."

Kaka alilisema. Lilikuwa fupi na lilimtoka kwa shida, lakini alilisema, na watu walisikia. Jirani hakusema amesamehe. Alimimina maharage kwenye ungo, akaingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa maziwa. Alimpa mama kwa mikono miwili.

Mama aliyanywa pale pale, amesimama, mtaa wote unatazama, hadi tone la mwisho. Kisha akanyoosha kikombe.

"Ongeza."